Masweta ya mtumba juu ya dari: namna ya kupunguza joto la bati Tabora kwa sufu ya kondoo

Kondoo wa Tabora hana sufu. Nianze na hilo, kabla mtu hajaenda mnadani kununua dume na jike akidhani amepata kiwanda. Kondoo wetu wa mkia mnene ana nywele fupi kama mbuzi. Hata yule mwekundu wa Kimasai na yule mweupe mwenye kichwa cheusi ni wa nywele tu. Sufu huota kwa kondoo wa nchi za baridi, Merino, Corriedale na ndugu zao, wanaofugwa Australia, Lesotho, Afrika Kusini na, karibu zaidi na sisi, Molo kule Kenya. Kuagiza manyoya mabichi kutoka huko kunawezekana, ila yanakuja na mafuta, samadi na majani makavu. Ukishayaosha unaweza kubaki na nusu ya uzito, na nauli ulilipia wote.

Lakini sufu iko hapa hapa mjini, tena imeshaoshwa na kusokotwa. Iko chini kabisa ya marobota ya mitumba.

Robota la masweta likifunguliwa Tabora, vitu vyepesi vinaondoka siku hiyo hiyo. Yale mazito ya sufu halisi, yenye kola ya kupanda hadi kidevuni, yanabaki. Niliyakuta kwa mama mmoja pale Gongoni ambaye alikuwa anayatandika chini ili nguo nyingine zisiguse vumbi. Nilipomwambia nayataka yote, hata yenye matundu, alinitazama kwanza.

"Mwanangu, unahamia Ulaya?"

"Hapana mayu, nataka kuyaweka darini."

Akanyamaza kidogo, kisha akanitajia bei ambayo nahisi aliitoa kwa huruma.

Joto la bati linavyoshuka

Saa nane mchana bati linaungua. Watu wengi wanadhani joto lile linashuka na hewa, kumbe hewa ya moto hupanda. Bati hurusha joto kwenda chini, kama jiko la mkaa linavyokuchoma uso hata ukiwa umekaa mbali nalo. Silingibodi inalipokea, inapata moto, nayo inakurushia wewe uliyelala. Ndiyo maana unaweza kufungua madirisha yote na bado ukahisi kama kuna mtu kakushikia pasi juu ya kichwa.

Sufu iliyochambuliwa imejaa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake zilizojikunja, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Kwa vipimo vya wahandisi, sufu hupitisha wati 0.035 hadi 0.04 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya joto, karibu sawa na pamba ya kioo inayouzwa madukani. Tofali la kuchoma hupitisha mara 15 ya hapo au zaidi. Kwa hiyo sentimita 10 za sufu juu ya dari ni kazi kubwa kuliko zinavyoonekana kwa macho.

Lina faida nyingine mbili jambo hili, na ndizo zilizonifanya nichague sufu badala ya makapi ya pamba kutoka Igunga, ambayo ningeyapata kwa urahisi zaidi. Kwanza, sufu huvuta unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa, halafu hewa ikikauka huuachia. Pili, haishiki moto kirahisi. Ukiiwasha inaungua pale pale penye kiberiti, na ukikiondoa inazima. Pamba isiyowekwa dawa haifanyi hivyo.

Hapa kuna mtego wa lugha. Sufu si sufi. Sufi ni ile inayotoka kwenye mti wa msufi, tunayojazia mito, na wapo watakaokuambia vyote ni kitu kimoja. Sufi ni nyepesi na inazuia joto vizuri, lakini cheche moja inatosha kuondoka na dari yote. Usiichanganye na sufu, hata kiganja kimoja.

Tuelewane pia kuhusu matarajio. Sufu haileti baridi. Inachelewesha joto la juu lisikufikie. Kama chumba chako kina dirisha kubwa linalotazama magharibi lisilo na pazia wala mti, jua litaingia kwa pale na sufu itabaki juu ikiangalia. Wazee wetu hawakuhitaji haya yote. Tembe la zamani lilikuwa na kuta nene na udongo juu ya paa, na joto la mchana lilikuwa bado linasafiri ndani ya udongo wakati jua limeshazama. Sisi tumechagua bati, jepesi, lisilotaka kukandikwa kila mwaka, na mimi sirudi kwenye udongo. Ila bati lina deni lake.

Hesabu kabla ya kununua

Chumba cha futi 10 kwa 12 ni kama mita za mraba 11. Ukitaka unene wa sentimita 10, hiyo ni zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo. Sufu iliyochambuliwa vizuri na kulazwa bila kushindiliwa hukaa kati ya kilo 20 na 25 kwa mita ya ujazo. Sweta zito la mtu mzima lina gramu 400 hadi 500. Kwa hiyo chumba kimoja ni masweta kama 60.

Usianze na nyumba nzima. Chukua chumba cha kulala kimoja, kile kinachopigwa na jua la mchana, ukimalize.

Kazi hii ni ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Jua linakausha, hakuna mvua, na darini pako pakavu. Ukingoja Oktoba utapikwa huko juu, na ukingoja Novemba mvua itakukuta na sufu mbichi kwenye kamba.

Kuitambua sufu ya kweli

Anza na lebo iliyoshonwa ndani ya mshono wa ubavuni. Unatafuta neno wool. Kifaransa wanaandika laine, Kijerumani Wolle, Kiitaliano na Kihispania lana. Asilimia 100 ndiyo bora, 80 inakubalika. Ukiona akriliki au poliesta ndiyo nyingi, rudisha, hata kama sweta ni laini kama paka.

Masweta mengi hayana lebo. Hapo tumia kiberiti, na omba ruhusa kwanza kwa mwenye mali. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, urefu wa kidole, ushike kwa koleo, uwashe. Uzi wa sufu utajikunja ukiukimbia moto, utanuka kama nywele zilizoungua saluni, na ukiondoa kiberiti utazima na kuacha kitu cheusi kinachosagika kwa vidole kuwa unga. Uzi wa akriliki unawaka kwa nguvu, unayeyuka, unadondosha matone, na ukipoa unaacha shanga ngumu isiyopondeka. Uzi wa pamba unanuka karatasi na unaendelea kuungua polepole. Baada ya masweta kumi utaanza kuitambua sufu kwa kushika tu. Inawasha kidogo shingoni.

Yale yaliyosinyaa na kuwa mazito kama zulia, kwa sababu mtu huko aliyafua kwa maji ya moto, chukua pia. Hayachambuliki, lakini yana kazi yake mwishoni.

Kuosha

Sufu ni nywele, ioshe kama nywele. Maji yasiwe ya moto na sabuni iwe ya maji, kidogo. Sabuni ya unga ni kali kwake, na kusugua kunaifanya isinyae. Loweka nusu saa, kandamiza, mwaga, suuza mara mbili. Usininginize sweta lililolowa, litavutika hadi liwe kanzu. Litandaze juu ya kichanja au jamvi, kivulini penye upepo.

Kabla ya kuosha, kata vifungo, zipu, lastiki za kiunoni na zile lebo. Vifungo mpe fundi cherehani, atakushukuru.

Dawa ya nondo, na kosa langu

Hatua hii niliiruka chumba cha kwanza. Niliona sufu safi, imekauka, inanukia vizuri, nikasema dawa ya nini.

Mvua zilipoisha tukaanza kuona kitu kama mchanga laini juu ya shuka asubuhi. Mama watoto alidhani ni silingibodi inabomoka. Nilipouangalia karibu na dirisha ulikuwa na rangi: chembe nyekundu, chembe za bluu, za kijani kibichi. Silingibodi yetu ni nyeupe. Zilikuwa rangi za masweta. Nondo, yule mdudu, si wa zege, alikuwa ametaga mayai juu, funza wake wamekula sufu, na kilichokuwa kinadondoka kwenye mashuka yetu ni kinyesi chao, kila kimoja na rangi ya uzi alioula. Nilipanda nikakuta vifuko vyeupe vidogo kama mchele na masweta yamekuwa wavu. Nilishusha yote nikayachoma nje ya uzio.

Funza hao hula keratini, protini ile ile ya nywele na kucha, na darini hakuna wa kuwasumbua. Kinachowazuia ni boraksi, chumvi nyeupe ya unga. Tabora haipatikani kila duka, lakini ulizia kwa masonara na kwa wanaouza vifaa vya wachimbaji wadogo njia ya Nzega. Wao huitumia kuyeyushia dhahabu.

Yeyusha gramu 40 za boraksi kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu. Loweka masweta safi kwa saa moja, yote yazame. Kisha yakamue mpaka yaache kuchuruzika, bila kuyanyonga. Ukikamua hivyo, kila kilo ya sufu hubaki na kama lita moja ya maji ya dawa ndani yake, yaani yakikauka inabaki na boraksi ya asilimia 4 hivi, na hicho ndicho kiwango unachokitaka. Usisuuze tena. Kausha kabisa, siku mbili au tatu.

Vaa glavu. Watoto wakae mbali na ndoo, na mama mjamzito asiifanye kazi hii. Maji yanayobaki usiyamwage kwenye mti wala bustani, boraksi nyingi huua mimea, na usiyamwage karibu na kisima. Tumia hayo hayo kwa mafungu yanayofuata hadi yaishe.

Kuna jirani atakushauri unyunyizie dawa iliyobaki ya tumbaku, maana mkoa huu kila nyumba ina mjomba mwenye shamba Urambo au Sikonge na chupa nusu stoo. Kataa kwa heshima. Dawa ya shambani juu ya kitanda cha watoto, chini ya bati la moto, ni sumu inayovutwa usiku kucha. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, navyo vivyo hivyo: mvuke wake unashuka chumbani, na baada ya muda vinayeyuka hewani nondo anarudi.

Kuchambua

Ukitandaza masweta mazima darini yatazuia joto kiasi, lakini utatumia mara mbili au tatu zaidi, kwa sababu yaliyofumwa yamebanana na hewa ni chache. Thamani iko kwenye kuchambua.

Kata sweta vipande vya upana wa kiganja. Chukua mbao mbili za urefu wa futi moja, pigilia misumari midogo iliyopishana sentimita moja hivi, itokeze upande wa pili kama kitana. Ubao mmoja ubane kwenye magoti, weka kipande juu yake, vuta kwa ubao mwingine. Kitachanika, kitafumuka kuwa uzi, uzi nao utajiachia, na utabaki na kitu chepesi kama wingu chafu. Funga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi la boraksi. Masweta yaliyofumwa kwa uzi mnene yanachambuka haraka. Yale ya uzi mwembamba yanachosha mno, mimi niliyakata vipande vidogo nikayachanganya hivyo hivyo.

Watu watatu na redio, masweta 60 yalituchukua jioni nne. Mama mkwe alituzidi wote, maana alizoea kuchambua pamba utotoni.

Kuandaa dari

Panda alfajiri, saa kumi na mbili, na uwe umeshuka ifikapo saa tatu. Kanyaga kenchi tu, zile mbao kubwa zinazobeba paa. Silingibodi haibebi mtu. Mguu wangu wa kushoto umeshawahi kuchungulia sebuleni wageni wakiwa wamekaa.

Zima taa na uangalie bati kutoka ndani. Kila nukta ya mwanga ni tone la mvua linalokuja. Kaza misumari, badilisha mpira uliokufa, ziba tundu. Sufu inavumilia unyevu wa hewa, haivumilii paa linalovuja.

Kama kuna popo, wasubiri watoke jioni, na siku zifuatazo ziba wanapopitia wakiwa nje, ukihakikisha hawajaacha watoto ndani. Kinyesi chao lowanisha kwa maji kabla ya kukitoa ili vumbi lisipande, na funga pua. Njia za panya ziba kwa waya wa kuku uliokunjwa mara mbili.

Usizibe matundu ya upepo kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, na kwenye pembe za juu za ukuta. Joto la chini ya bati linahitaji pa kutokea. Kama nyumba yako haina matundu hayo, toboa kwanza, weka wavu, ndipo uendelee.

Umeme umwite fundi. Maungio yaliyofungwa tepu tu yaingizwe kwenye kiboksi, nyaya zilale juu ya sufu badala ya kufukiwa, na kila shina la balbu liachiwe nafasi ya kiganja pande zote. Bomba la moshi wa jiko, kama lipo, liachiwe zaidi ya hapo.

Kutandaza

Tandika shuka kuukuu za pamba juu ya silingibodi, kati ya papi na papi, zile mbao nyembamba zinazoshika silingibodi, ili nyuzi zisidondoke kwenye viungo. Usitumie nailoni wala turubai, zitafungia unyevu.

Mimina sufu kutoka kwenye kiroba, itawanye kwa mikono, ipige kidogo kama unavyopiga mto ijae hewa. Pima kwa kijiti ulichokitia alama ya sentimita 10. Anzia pembe za mbali ukirudi nyuma kuelekea kwenye mlango wa dari, usije ukajizungushia. Pale bati linaposhuka karibu na ukuta, simamisha kipande cha boksi ili sufu isisogee na kuziba tundu la upepo. Kati ya sufu na bati pabaki wazi hata pale chini kabisa, upana wa kiganja au zaidi. Nimeona mtu akijaza hadi juu kwa kudhani zaidi ni bora zaidi. Bati usiku hupoa, umande unajikusanya upande wa ndani, na sufu inayoligusa inakunywa yote.

Yale masweta yaliyosinyaa sasa yana kazi. Kata ukanda uzungushie kingo za mfuniko wa dari, na mengine mawili yashone juu ya mfuniko wenyewe. Watu husahau pale, na pale ndipo joto linapopita.

Baadaye

Hatukuwa na kipimo cha joto cha maana, kwa hiyo tulitumia kiganja. Saa tisa alasiri, Oktoba, unapanda juu ya kiti sebuleni, ambako hatujaweka kitu, na kugusa silingibodi: unaondoa mkono baada ya kuhesabu kidogo. Unaenda chumbani, unagusa: ni vuguvugu tu, mkono unakaa. Tuliwafanyia wageni wote mchezo huo hadi kiti kikalegea mguu. Mvua ya kwanza ilipopiga tuligundua jambo ambalo hatukulitarajia, kwamba chumbani mtu anaweza kusikiliza taarifa ya habari mvua ikinyesha juu ya bati.

Panda kukagua mara mbili kwa mwaka, katikati ya mvua na baada ya mvua kuisha. Chomeka mkono hadi kwenye shuka: pawe pakavu. Nusa. Tafuta vile vifuko vyeupe. Pakiwa pamelala na kushuka chini ya alama ya kijiti, painue kwa vidole na ongeza. Mimi nimeacha darini, pembeni mwa mlango, kijiti kile, tochi, na kiroba kimoja cha masweta yaliyobaki.